Bangili za Chausiku

Kahama, Ijumaa, 18 Desemba 1936

Daftari hili nimeletewa na Fikirini, kijana anayemposa binti yangu Chausiku. Ni karani huko Geita kwenye machimbo, na karani hana zawadi nyingine ila karatasi. Nimeipokea kwa uso mzuri. Nitaandika humu mpaka siku ya arusi, baada ya Idi ya kuchinja, Mungu akipenda, ili Chausiku naye akija kuoza binti yake asome aone kuwa arusi haijengwi kwa vigelegele peke yake.

Mimi ni Mwahija, mjane wa Sabiti sonara. Sonara mwenyewe si mimi. Sifui wala siyeyushi. Lakini vyombo vya wanawake wa mji huu, vya dhahabu na vya fedha, vyote vimepita mikononi mwangu. Nasafisha, natunga, nakaza vito vilivyolegea, na mtu akitaka kujua kama amenunua jiwe au kipande cha chupa namwambia. Wengine hawapendi kuambiwa, na hilo ni shauri lao.

Mvua imenyesha tangu alfajiri.

Jumapili, 20 Desemba

Paa linavuja juu ya kitanda. Nimesogeza kitanda. Sasa linavuja juu ya sanduku.

Jumatano, 23 Desemba

Leo jua limetoka baada ya mvua, nikamwita Chausiku mlangoni tuchague mawe ya kidani chake. Hii ndiyo saa yake. Taa hudanganya, jua la mchana hudanganya zaidi, lakini mwanga wa asubuhi baada ya mvua hauna upendeleo.

Mawe yenyewe ni yale mekundu yanayookotwa kwenye changarawe huko upande wa Shinyanga. Watu wanayaita akiki, wengine wakitaka kujikweza wanayaita yakuti. Si akiki wala si yakuti, na mimi sijawahi kumdanganya mtu. Ni mawe mekundu mazuri, basi. Almasi siigusi kabisa. Almasi ina wenyewe wenye vibali, na mimi sitaki kesi.

Nimeyamwaga kwenye sahani nyeupe yenye maji. Ndani ya maji jiwe haliwezi kuficha ufa. Kisha nikamwonyesha jinsi ya kuliweka mdomoni: kioo hupata joto upesi, jiwe hukaa na ubaridi wake. Kati ya mawe arobaini vimetoka vioo viwili, nikavitupa uani kuku wakavikimbilia.

Chausiku alichagua saba. Jicho lake ni zuri kuliko langu nilipokuwa na umri wake, ila sikumwambia, asije akavimba kichwa.

Jumamosi, 2 Januari 1937

Bangili zimeletwa! Jozi moja, dhahabu, zimefuliwa na sonara mmoja Mwanza, na kila moja ina jiwe jekundu dogo katikati. Mama yake Fikirini, Bi Zuwena, alizileta mwenyewe, amezifunga kwenye pindo la kanga. Nikashangaa. Vitu vya thamani hiyo kwenye pindo la kanga kama ugoro!

Nilizisugua kwenye jiwe jeusi la kupimia mbele yake, nikadondosha maji makali juu ya alama. Alama haikufutika, na ingekuwa fedha au shaba ingeliwa. Dhahabu safi, namshukuru Mungu. Jiwe moja lina ufa mdogo upande, mfano wa unywele. Nikalitaja kwa sababu kazi yangu ni kutaja. Bi Zuwena akasema, "Haya." Ndiyo neno lake hilo. Ukimsifu haya, ukimkosoa haya. Ni Msumbwa wa Ushirombo, aliingia dini alipoolewa na marehemu mumewe, na mpaka leo anakaa kwenye mkeka wa watu kama mtu aliyeambiwa asiguse kitu. Sijui nitazungumza naye nini miaka yote itakayokuja.

Jumanne, 5 Januari

Amekuja Makoye, Msukuma yule anayeosha dhahabu Rwamgasa kwenye kitalu cha Mzungu mmoja. "Mwangaluka, mayo," alinisalimu mlangoni kwa Kisukuma, akiniita mama, kisha akakumbuka akasema na shikamoo. Anataka herini za fedha za mkewe, Limi, aliyejifungua mapacha. Nimemwambia arudi mwezi ujao. Kwa furaha ameniachia kipande cha ngozi laini, laini kuliko kitambaa chochote nilichonacho.

"Tulikuwa tunachujia kazini," alisema. "Kwetu imechoka. Nimeifua kwa sabuni mara tatu, mayo. Wewe itakufaa kufutia vitu vyako."

"Wabeja, Makoye," nikamshukuru, akacheka kusikia Kisukuma changu cha sokoni.

Ijumaa, 8 Januari

Bi Zuwena amekuja kuziomba bangili. Mama yake mzee, Ushirombo, haoni vizuri na hawezi safari, anataka kuzishika kwa mkono wake kabla ya arusi na kuziombea. Ndugu yangu Hatibu, ambaye ndiye anayemsimamia Chausiku tangu baba yake afariki, akasema hapana ubaya. Nikampa. Zimekwenda tena kwenye pindo la kanga.

Alhamisi, 14 Januari

Bangili zimerudi. Mvua kubwa, lori lilikwama njiani siku mbili. Sanduku lina unyevu, kile kitambaa chekundu ninachofungia dhahabu siku zote kimeota ukungu, kwa hiyo nimezifuta na kuzifunga ndani ya ngozi ya Makoye. Kidani nimekifunga peke yake kwenye pamba, maana jiwe likikaa na dhahabu huikwaruza. Kila kitu na nguo yake, hata watoto nimewalea hivyo.

Jumatatu, 18 Januari

Mvua. Nimesafisha mikufu ya fedha kwa maji ya ukwaju. Mgongo unauma.

Jumapili, 24 Januari

Sijui nianzie wapi.

Leo ilikuwa siku ya kuwaonyesha majirani vyombo vya bi arusi. Walikuja wanawake kumi na moja, Bi Zuwena akiwa mmoja wao. Mkeka ulitandikwa, udi ukafukizwa, Chausiku akakaa katikati na kanga mpya. Nikakitoa kidani kwanza, wakapiga vigelegele. Nikasema, "Sasa oneni alicholeta mume," nikaifungua ngozi.

Bangili zilikuwa nyeupe. Si nyeupe za kung'aa, ni nyeupe za kijivu kama sarafu ya zamani, na kwa ndani, upande wa mkononi, palibaki mabaka ya manjano. Nikajua mara moja, au nilidhani najua: hii ni fedha iliyopakwa dhahabu, na rangi imebabuka. Zile nilizozipima zilikuwa dhahabu. Zimetoka nyumbani kwangu mara moja tu, na mikono iliyozichukua ilikuwa mbele yangu.

"Mama Fikirini," nikasema, "bangili za mwanangu ziko wapi?"

Akaniangalia, akaziangalia. "Nimerudisha zilezile nilizopewa."

"Nilikupa dhahabu. Hii hapa ni nini? Mnatuona sisi wajinga? Mmemletea dhahabu ya kuonyesha na fedha ya kuvaa?"

Nilisema mengine. Sitayaandika yote. Nilisema kuwa watu wengine ukiwapa heshima hawajui pa kuiweka. Nilisema hayo mbele ya wanawake kumi na moja, kwa sauti.

Bi Zuwena hakupiga kelele. Alisimama, akajifunga kanga yake, akasema, "Mimi si mwizi, Mama Chausiku," akatoka kwenye mvua bila mwavuli.

Mtu asiye na hatia hupiga kelele. Mimi ningepiga mpaka bati litikisike.

Jumatatu, 25 Januari

Hatibu aliniuliza kama nimezisugua tena kwenye jiwe la kupimia. Nikamwambia macho yangu yanatosha, miaka ishirini na tano. Akaguna, akaenda kupeleka ujumbe kuwa arusi imesimama.

Chausiku alizishika bangili kwa muda mrefu. "Mama, uzito ni uleule. Fedha haiwi nzito hivi. Na jiwe ni lilelile, lenye ufa."

"Jiwe huhamishwa," nikamjibu. "Unamtetea mama mkwe."

"Simtetei mtu. Nakuonyesha jiwe, kama ulivyonifundisha."

Nikamfukuza uani. Sasa simwamini mtu yeyote. Hata pete yangu ya ndoa, ambayo haijatoka kidoleni ila kwa kufua na kukanda unga tangu Sabiti aliponivisha Tabora zama za Mjerumani, nimeivua na kuificha. Kesho naenda kupalilia shamba Buzwagi, na nyumba itabaki wazi. Nimeifunga kwenye ile ngozi, nikaichimbia chini ya nguo. Bangili nimezitupa kwenye kikapu cha vyuma vibovu.

Ijumaa, 29 Januari

Mahindi yamefika magotini. Chausiku ananipikia, ananipakulia, haniambii neno.

Jumapili, 31 Januari

Fikirini ameandika barua kutoka Geita. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Anasema sonara wa Mwanza yuko tayari kuapa, na mama yake hajala vizuri siku nne. Nimeikunja nikaiweka chini ya godoro.

Jumanne, 2 Februari

Mvua.

Jumatano, 3 Februari

Chausiku amesema neno moja leo. Nilimuuliza kama anaumwa, akasema, "Umeniachisha kabla sijaolewa." Kisha akaendelea kupepeta mchele.

Jumamosi, 6 Februari

Andika, Mwahija. Andika na hili, usijifiche.

Palizi imekwisha, leo nikataka kuvaa pete yangu. Nikafukua nguo, nikaifungua ngozi. Pete ya Sabiti ilikuwa nyeupe.

Nilikaa chini. Kwanza nikafikiri mtu ameingia akabadilisha. Nikamwita Chausiku kwa ukali, na yeye akaja akasimama, akaitazama pete mkononi mwangu. Ndani ya pete hii mna alama ndogo aliyoipiga Sabiti kwa mkono wake, nyota ya ncha tano ambayo ncha moja imepinda kwa sababu siku ile nilimchekesha. Nyota ipo. Ncha imepinda. Pete ni yangu, na haijakanyaga nyumba ya Bi Zuwena hata siku moja.

Chausiku akaifuata ngozi. Akaikunjua, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaikung'uta juu ya sahani nyeupe. Vikaanguka vitone viwili vidogo kuliko mbegu ya mchicha, vinang'aa, vinakimbizana. Zebaki, ambayo ikigusa dhahabu huivika weupe.

Nilitoa jiwe la kupimia. Siku ile ya wanawake lilikuwa hatua nne nyuma yangu, kwenye kimeza chake, na sikulinyooshea mkono. Nikaisugua bangili kwa nguvu mpaka weupe ukaachia, nikadondosha maji makali. Manjano ikabaki pale pale. Dhahabu, ileile ya mwezi wa kwanza.

Nimemwita mwanamke mwenzangu mwizi kwa sababu ya kitambaa cha kufutia. Mke wa sonara! Ningekuwa na pa kujificha ningejificha, lakini mji wenyewe ni huu mdogo.

Jumanne, 9 Februari

Makoye amekuja kwa ajili ya herini za Limi. Nilimwonyesha pete. Maskini, alishika kichwa.

"Mayo, hii tunakamulia zebaki. Dhahabu ya unga ikishashikana na zebaki tunaitia humu, tunakamua, zebaki inatoka, dhahabu inabaki donge. Nimeifua mara tatu!"

"Zebaki haisikii sabuni, baba."

"Nimekuharibia nyumba."

"Hukuniharibia wewe. Uliniambia mnachujia. Nilikuwa na mdomo, sikuuliza mnachuja nini, nilidhani maji. Mimi ndiye mwenye kazi hii."

Akanieleza wanavyofanya kwao: donge huchomwa, zebaki inakwenda na moshi, dhahabu inabaki na rangi yake. "Lakini nje, mayo, na usimame upande unaotokea upepo. Moshi ule unaua meno na akili. Watoto wasikaribie."

Alikataa kuondoka na herini mpaka nilipomfokea.

Alhamisi, 11 Februari

Hatibu anasema niende kwa Bi Zuwena kimyakimya na mtu mzima mmoja, yaishe. "Usijivue nguo mbele ya mji, dada." Nimemwambia neno nililisema mbele ya wanawake kumi na moja, na hao kumi na moja watalisikia lingine. Akasema mimi ni mkaidi. Ni kweli.

Nimekwenda mwenyewe mlangoni kwa Bi Zuwena. Alikuwa anatwanga. Nikamwambia, "Mama Fikirini, nilikukosea. Hukubadilisha kitu. Kosa lilikuwa ngozi yangu na ulimi wangu. Nakuomba uje Jumamosi, niseme hivyo mbele ya wale wale."

Alitwanga mara tatu nne. "Haya," akasema. Sikuweza kujua ni haya ipi.

Jumamosi, 13 Februari

Walikuja wote. Udaku una miguu mizuri. Bi Zuwena alikuja mwisho, akakaa pembeni kabisa kama kawaida yake, na leo ndipo nilipoona kuwa pale pembeni ndipo tulipomwachia nafasi siku zote.

Asubuhi Chausiku alikuwa amekwisha ng'oa mawe kwenye bangili, maana moto hupasua jiwe, hasa lenye ufa. Kazi hiyo nilimwachia yeye, nikampa koleo ya baba yake. Alizilegeza kucha za dhahabu zinazoshika mawe, moja moja, pumzi ameibana, mawe yakaanguka kwenye kiganja chake mazima. Tulikuwa tumekaa goti kwa goti. Ni mara ya kwanza kwa wiki tatu.

Nikasimama uani. Nikasema lote: ngozi, zebaki, pete, jiwe la kupimia ambalo sikulishika. Nikasema, "Nilimwita mama huyu mwizi. Yeye hakuiba, mimi ndiye niliyemwibia heshima yake, na mliniona. Sasa nioneni naomba radhi." Nikaenda pale pembeni nikapiga magoti kwenye tope. Wengine walisema yarabi.

Kisha nikaweka jiko la makaa mwisho wa ua, nikawakalisha wote upande unaotokea upepo, nikaweka pete yangu kwanza. Kama ikiharibika iharibike yangu. Ilichukua muda. Weupe ukafifia, ukawa kama vumbi, halafu manjano ikaanza kujitokeza kwenye ukingo, hafifu, imepauka kama udongo. Baada yake bangili. Zilipopoa nikazisugua kwa akiki ya kung'arishia ya Sabiti, na pale akiki ilipopita mng'aro ulirudi.

Vigelegele! Bi Zuwena hakupiga. Alizishika bangili, akazigeuza, akanirudishia. "Nimesikia," akasema, akaenda zake.

Ngozi nimeizika mbali na kisima.

Jumanne, 16 Februari

Fikirini ameandika tena. "Mama ndiye mwenye neno." Ni mtoto mwema, simlaumu. Chausiku amerudisha mawe kwenye bangili kwa mkono wake mwenyewe, na kucha amezikaza vizuri kuliko fundi wa Mwanza. Safari hii nimemwambia. Avimbe kichwa akitaka.

Ijumaa, 19 Februari

Mvua. Hakuna neno kutoka upande ule.

Jumatatu, 22 Februari

Idi. Nimempelekea Bi Zuwena sahani ya pilau. Sahani imerudi imeoshwa, tupu.

Jumatano, 24 Februari

Hatibu anauliza tufungue mlango kwa wachumba wengine au vipi. Chausiku alitoka nje. Nimemwambia Hatibu tungoje.

Ijumaa, 26 Februari

Baada ya sala ya adhuhuri nilisikia hodi. Bi Zuwena, peke yake, kanga imelowa mabegani. Nikamkaribisha kwenye mkeka, akaja akakaa katikati, hakwenda pembeni. Nikamuuliza hali ya mama yake mzee.

"Hajambo. Amekwisha ambiwa. Alisema bangili alizishika, zilikuwa nzito, kipofu hawezi kudanganywa uzito." Kisha akacheka kidogo, na mimi nikacheka kwa woga.

Akafungua pindo la kanga, akatoa mkufu wa fedha wenye akiki tano. Umekuwa mweusi, kiungo kimoja kimefungwa kwa uzi. Aliuweka mkononi mwangu.

"Huu aliniachia mama mkwe wangu. Sijampa mtu kuushika tangu afe, hata Fikirini. Usafishe, Mama Chausiku. Ukaze na hicho kiungo. Nataka kuuvaa siku ya arusi ya watoto."

"Utaufuata lini?" nikauliza.

"Ukiwa tayari uko tayari. Kwani uko kwa mtu wa mbali?"

Akaondoka, hakugeuka nyuma. Nimeuweka mkufu juu ya pamba mpya mlangoni penye mwanga, nimeutazama, nikashindwa kuanza kazi. Nimemwita Chausiku anisomee akiki ipi ina kasoro, kwa sababu mimi machozi yalikuwa yananizuia kuona.